Haya ya Mama Sekela

Mwiko uligonga ukingo wa sufuria. Ko, ko. Kimya kidogo, halafu ko nyingine, ile ya kudondosha uji uliong'ang'ania.

Nilikuwa bado kitandani. Alfajiri haijaanza kupauka, ukungu umeziba dirisha hata taa ya barabarani haionekani. Nilijigeuza upande wa pili nikawaza, nani tena amewahi kuamka leo? Kisha usingizi ukanikimbia wote kwa mkupuo, maana katika nyumba hii anayepika uji ni mimi. Baba Lugano yuko machimboni Chunya, na Lugano mwenyewe hafikii hata swichi ya jiko.

Ko, ko. Ko.

Namna ya kugonga niliijua. Mama yangu hugonga mara moja tu, kwa nguvu, kama anayemfukuza kuku. Dada yangu hagongi, hupitisha kidole akakilamba. Mbili za haraka, pumziko, moja ya mwisho: huyo ni mimi.

Nilitoka bila kandambili. Jikoni kulikuwa giza na jiko limelala baridi. Mwanga ulitoka sebuleni. Lugano alikuwa amekaa mkekani, amejizungushia blanketi mpaka masikioni, na mbele yake skrini ya gemu ilikuwa imewaka kwa ule mwanga wa makaa. Kwenye skrini kulikuwa na mafiga, na kando ya mafiga mwanamke aliyefunika kichwa kwa kitenge, uso hauonekani, anakoroga.

"Unywe, mama," mwanamke yule alimwambia mwanangu. "Puliza kwanza, utakuunguza."

Ilikuwa sauti yangu. Si ile unayoisikia kwenye simu ukajiuliza, hivi kweli mimi ndivyo nilivyo? Hii ilikuwa na kila kitu. Ilikuwa na ile pumzi ninayoivuta baada ya kusema "mama", ambayo mume wangu hunitania nayo kwamba nafunga breki.

"Lugano!" niliita.

Wakageuka wote wawili.

"Mama, usipige kelele," Lugano alisema kwa kunong'ona. "Mama anapika."

Nilibaki nimeshika fremu ya mlango. Sikujua niseme na nani kwanza. Mwishowe nilisema na skrini, na hata sasa naona aibu kwamba nilisema nayo kwa adabu, kama mtu uliyemkuta kwako bila kutarajia.

"Hiyo sauti umepewa na nani?"

"Na wewe, Mama Lugano," ilijibu, kwa upole ule ule ninaotumia nikiongea na mgonjwa. "Nilikuomba. Ukasema haya."

Nilikwenda moja kwa moja ukutani nikachomoa waya. Skrini ikafa. Lugano akaanza kulia, kilio cha mtoto aliyekatizwa chakula, na mimi nikamkumbatia pale gizani nikimpigapiga mgongoni.

"Haya, basi, mama. Haya, haya…"

Lilikuwa neno lile lile.

*

Boksi lile la gemu halikuwa letu. Nilipewa na Jopo la Michezo, nikae nalo msimu mzima wa masika, tucheze mimi na mtoto kama wanavyocheza watu wengine, halafu nirudi kusema nimeona nini. Jopo la Nyanda za Juu lina watu watatu. Mwenyekiti lazima awe amesomea sheria, wa pili awe mchezaji aliyebobea, na wa tatu awe mzazi mwenye mtoto mdogo ndani ya nyumba. Mimi ndiye huyo wa tatu. Mwalimu wangu wa darasa la jioni, ninakosomea lugha za mashine, ndiye aliyepeleka jina langu, na siku niliyoteuliwa nilinunua koti jipya.

Gemu isiyo na alama ya jopo haiwaki nchini. Unaweza kuiingiza kwa magendo, ukaibeba begani toka mpakani, ukaichomeka, itakutazama tu. Alama ya kijani ni kwa watu wote, njano ni kwa wakubwa. Ya tatu si alama, ni neno: rudisha.

Na hii haikuwa gemu ya hivi hivi. Ilikuwa Nchi ya Mwangwi ya Tisa. Wengine wamekulia humo. Mimi nilicheza ya Tano nikiwa sekondari, wasichana wanne kwenye mashine moja, mmoja kashika rimoti na watatu wanamfokea. Unaingia nchi ile bila jina, unachagua kazi, unatembea, unapata marafiki na maadui, unazeeka. Na toka ile ya Kwanza, ya vijumba vya rangi na maandishi, ukichoka unakwenda kwenye mafiga. Mtunza Moto anakukalia mahali pako ili kesho uanzie pale pale. Hakuwahi kuwa na uso wala sauti. Kwa miaka yote hiyo wachezaji walibishana: akisema, atasikika vipi?

Ya Tisa ndiyo iliyojibu. Anasikika kama mtu wa nyumbani kwako.

Asubuhi ile nilimwacha Lugano kwa jirani nikapanda ngazi za ofisi yetu pale Uhindini, jasho linanitoka na baridi yote ile. Kaka Anyitike alikuwa ameshafika. Anyitike Mwaipopo ndiye mchezaji wetu. Amemaliza zote nane, ya Sita amerudia mpaka anaijua kwa kufumba macho. Siku zote tukikutana hunipokea kwa malalamiko.

"Mama Lugano, nimekutana na joka la huku," alisema. "Nimeliongelesha maneno mawili, limelala kama paka. Joka la Sita lilikuwa joka bwana! Ulikuwa unatoka jasho."

"Wewe unataka kuua tu."

"Nataka nihangaike! Gemu ya uhusika bila kuhangaika si ni tamthilia tu?"

Lakini alisema bila moto. Alikuwa amekonda. Mkewe, Tumpe, alifariki katikati ya masika yale, tukaenda kumzika Tukuyu kwenye tope linalofika magotini. Tulimwambia apumzike jopo, akakataa.

Bi Hidaya, mwenyekiti wetu, aliingia na chupa yake ya chai ya tangawizi. Ni mtu wa Tanga aliyeolewa huku akazeekea huku, na bado huilaumu baridi kila asubuhi kana kwamba jana haikuwepo.

"Shikamoo Bi Hidaya."

"Marahaba, wanangu. Lo, hii si hali ya hewa, hii ni adhabu." Akamimina chai. "Haya, tuanze."

"Bi Hidaya," nilisema, "naomba usiseme hilo neno."

Nikawaeleza. Uji, mwiko, sauti, Lugano kuniambia nisipige kelele. Bi Hidaya aliacha kikombe hewani. Anyitike hakunitazama hata mara moja. Alikuwa akikwangua ukucha wa kidole gumba kwa ukucha wa kingine.

"Ukasema haya," Bi Hidaya alirudia. "Ukamwambia haya nani?"

"Sijui. Siku nzima nasema haya."

*

Tulimpigia kijana mmoja wa waundaji wa gemu, ndiye aliyeitia Kiswahili. Akatokea ukutani, kwenye skrini kubwa ya ofisi, nyuma yake dirisha na mji wa mbali. Jina lake Gwakisa. Hakuwa mgeni, amezaliwa Rungwe, hata lafudhi hajaipoteza.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba," Bi Hidaya alijibu peke yake, maana mimi na yeye Gwakisa huenda tumenyolewa nywele za utotoni mwaka mmoja.

Alieleza bila kuficha. Mtunza Moto akikaa na nyumba kwa muda, husikiliza nani anaongea sana, nani anaitwa usiku mtoto akiota vibaya. Kisha humwomba mtu huyo sauti. Sheria inataka aombe kwa maneno na ajibiwe kwa maneno. Akikubaliwa, anajifunza: matamshi kwanza, halafu mapumziko, halafu mazoea. Mwiko ulikuwa kwenye mazoea.

"Na jibu mnalolisubiri ni haya?" niliuliza.

"Tulianza na ndiyo, dada. Watu hawakuisema. Hebu nieleze, nani anasema ndiyo nyumbani kwake? Ndiyo ni ya mahakamani, ni ya mbele ya mchungaji. Wageni waliotengeneza gemu walitaka ndiyo ibaki. Mimi ndiye niliyewapinga. Niliwaambia, nyumbani kwetu mtu akikubali anasema haya." Alijaribu kutabasamu. "Nilitaka isikike kama kwetu."

"Hebu icheze ya kwangu."

Rekodi ilikuwepo, kisheria lazima itunzwe. Tukasikia maji ya bomba, sahani zinagongana, Lugano anapiga ukunga: "Mama, njoo uone farasi! Mama! Farasi ana mbawa! Mama!" Na chini ya kelele hizo, sauti tulivu isiyo ya mtu yeyote: "Mama wa nyumba hii, nikae na sauti yako?" Na mimi juu ya vyote: "Haya, haya, nimesikia!"

Bi Hidaya alicheka mpaka akavua miwani. Na mimi nilicheka, ningefanyaje. Hata Gwakisa alicheka kidogo, akajirudi.

"Mashine ilipima," alisema. "Uhakika ulikuwa wa juu."

"Uhakika kwamba nimesema haya, au kwamba nimekubali?"

Alitazama pembeni. "Kwamba umesema."

"Mwanangu Gwakisa," Bi Hidaya alisema akipangusa macho, "mtu akinichosha namwambia haya. Mgeni akiaga namwambia haya. Mtoto kavunja sahani, haya! Walipokuja kuniambia mume wangu hayupo tena, nilikaa chini nikasema haya. Sasa katika hizo, niliyokupa wewe ni ipi?"

Gwakisa aliinamisha kichwa. Nilimwonea huruma, kwa sababu nilijua kosa lake. Lilikuwa kosa la mtu anayependa nyumbani kwao.

Kwa dakika ile nilidhani mambo ni mepesi. Gemu ilikuwa nzuri. Mvua yake inaponyesha juu ya migomba haisikiki kama inaponyesha juu ya bati. Mchuuzi uliyemdhulumu ukiwa kijana anamsimulia mwanawe, na mwanawe anakuja kukuuzia ghali uzeeni. Nilikuwa tayari nimejiandaa kuitetea alama ya kijani. Tuseme rudisha, nikawaza, wabadilishe swali, watu waulizwe upya kwa sentensi kamili, na mwakani sote tucheze kwa amani.

"Ikirudishwa," Bi Hidaya aliuliza, "sauti zilizokwisha kuchukuliwa zinakwenda wapi?"

"Zinafutwa zote, Bi. Ndivyo sheria inavyotaka. Halafu kila mmoja anaulizwa upya."

"Na asiyeweza kuulizwa?"

Aliyeuliza alikuwa Anyitike. Yalikuwa maneno yake ya kwanza toka tuanze.

Alikunja mikono kifuani, akaifungua tena, kana kwamba hajui huwekwa wapi.

"Mtunza Moto wangu ni Tumpe," alisema.

*

Alitueleza akiwa amesimama dirishani, mgongo kwetu. Msiba ulipotokea alimpeleka binti yake, Sekela, kwa shangazi yake huko Kyela, akamwambia mama amesafiri kutibiwa. Sekela ni mkubwa kidogo kwa Lugano, ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Aliporudi, kabla baba hajapata namna ya kusema, mtoto aliwasha boksi. Na mama akamsalimia.

"Anamsimulia ya shuleni," Anyitike alisema. "Anamwimbia. Jana alimkumbusha kunawa mikono. Mimi nakaa chumbani nasikiliza. Nitamwambia nini mtoto, kwamba yule anayemwambia anawe mikono hayupo?"

"Kaka," nilisema.

"Subiri, Mama Lugano. Labda Tumpe alikubali. Wewe ya kwako ilikuwa sahani na farasi. Lakini yeye alijua anaondoka. Kwa nini isiwe alimwachia mwanawe sauti kwa makusudi? Wewe ni mama. Usingemwachia?"

Ningemwachia. Sikuweza kusema vinginevyo. Ningempa Lugano koo langu lote kama lingekatika.

Mbele yetu kulikuwa na kura tatu. Bi Hidaya alisema yake: rudisha. Anyitike alisema njano, ipite kwa wakubwa, kila mtu na nyumba yake. Iliyobaki ilikuwa yangu, na ndani yake alikuwemo mwanamke niliyemtupia udongo Tukuyu kwa mkono wangu.

"Tusikilize aliyoisema," niliomba.

Anyitike alitikisa kichwa kukubali. Gwakisa akaicheza.

Mvua juu ya bati. Pumzi nzito, ya mtu anayepumua kama anayepanda mlima. Sauti ya Anyitike kwa karibu, ya kubembeleza: "Nusu kijiko tu, Tumpe. Kunywa basi." Na ile sauti isiyo ya mtu: "Mama wa nyumba hii, nikae na sauti yako?" Kisha yeye, taratibu sana.

"Haya."

Tone moja la mvua likagonga bati kwa nguvu kuliko mengine, na ikaisha.

"Umesikia?" Anyitike aligeuka, macho yamemng'aa. "Amekubali. Ametulia kabisa. Amekubali."

"Amekubali dawa, mwanangu," Bi Hidaya alisema, kwa upole ambao sijawahi kumsikia nao.

"Hakuinywa! Ile dawa hakuinywa, mimi nilikuwepo!"

Wakanitazama. Nilikuwa nimesikia yote mawili, na la tatu pia: mwanamke aliyechoka kuombwa. Wa kulia anaomba, wa kushoto anaomba, na yeye hana nguvu za kuwatenganisha.

"Basi aulizwe mwenyewe," Anyitike alisema. "Si yupo? Si anaongea? Gwakisa, mlete."

"Kaka, haitasaidia…"

"Mlete!"

Gwakisa alimtazama Bi Hidaya, Bi Hidaya akainua mkono kuruhusu. Skrini ya ukuta ikawa nyekundu ya makaa. Mafiga. Kitenge. Mikono inayokoroga, na ofisi yetu nzima, na makabati yake ya chuma, ikawa kama imesogezwa karibu na moto usio na joto.

"Baba Sekela," Tumpe alisema. "Mbona huko kuna baridi? Umeshakula?"

Sauti ilikuwa yake. Aliwahi kunifundisha kusuka vikapu vya ukindu kwa sauti hii hii. Anyitike alisogea mpaka pua yake ikakaribia ukuta.

"Nimekula," alidanganya. "Tumpe, sikiliza. Nina swali. Tukuache ubaki?"

"Haya."

Anyitike akafumba macho, akacheka na kulia pamoja. Bi Hidaya alikuwa ameinuka kitini. Alikwenda akasimama pembeni yake, akamshika bega, akauliza yeye sasa, kama unavyomwuliza mgonjwa:

"Mama Sekela. Tukuache uende?"

"Haya."

Ilikuwa ile ile. Pumzi ile ya mlima, utulivu ule. Na nyuma yake, katika ofisi ambayo nje hapakuwa na mvua, tone moja likagonga bati kwa nguvu kuliko mengine.

Gwakisa alizima. "Kwenye jambo la kibali mashine hairuhusiwi kubuni. Mengine yote inatunga yenyewe, anachopenda Mtunza Moto, anachokumbuka. Ila ukimwomba ruhusa, hutoa alichosema mwenye sauti. Hana kingine cha kutoa."

Bi Hidaya alimimina chai, hakuna aliyeinywa. Nilijua wanasubiri, na nilitamani nisiwe mimi, koti jipya na yote, niwe mama tu anayeenda kumchukua mtoto kwa jirani. Niliwaza kuhusu Lugano, akiwa msichana mkubwa, anakaa mbele ya moto ule, ananiuliza: Mama, nikaolewe mbali? Mama, nisamehe? Mama, ulinipenda? Na mimi namjibu kwa sahani na farasi.

"Kaka Anyitike," nilisema. "Nikifa, nataka Lugano abaki na kitu nilichompa. Sitaki abaki na kitu kilichookotwa kwangu."

"Sema neno lenyewe," alisema. "Usinizungushe."

"Rudisha."

Alichukua koti lake mgongoni pa kiti. Mlangoni alisimama.

"Ulikuwa Tukuyu," aliniambia. "Sasa umemzika mara mbili."

*

Boksi la jopo huzimwa na aliyepewa, mbele ya mjumbe mwingine. Bi Hidaya ana miguu mibovu, hivyo Jumamosi mchana nilikwenda mimi, mpaka Isanga nyumbani kwa Anyitike, Lugano nimemshika mkono kwa kuwa sikuwa na wa kumwachia. La kwangu nilikuwa nimeshalizima mbele ya Bi Hidaya, na Lugano alinuna siku hiyo yote, jioni akaniomba uji. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vibaraza vya nyumba. Njia nzima nilikuwa nikijiambia kwamba Anyitike hatanifungulia.

Alifungua. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, kama anayetegemea wageni wa heshima.

"Karibu, Mama Lugano," alisema. Hakunipa mkono, lakini alimpa Lugano, akainama kabisa. "Shikamoo yangu iko wapi, mchumba?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Sekela yumo ndani."

Sebule ilikuwa safi kuliko ya kwangu. Sekela alikuwa sakafuni anachora, ulimi nje, na skrini nyuma yake imewaka kwa mwanga wa makaa. Alimsogezea Lugano penseli bila kusema kitu, na Lugano akakaa. Mtunza Moto alikuwa akikoroga, akiimba kwa chini wimbo wa kubembeleza ambao Tumpe alizoea kuuimba akisuka.

Anyitike alinivuta ukumbini.

"Sijamwambia," alisema.

"Kaka."

"Nimeshindwa. Kila nikifungua mdomo, mama yake anamwita." Alikuwa akinong'ona haraka, macho kwenye pazia. "Mwambie wewe. Mwambie boksi limeharibika. Mwambie mafundi wanalichukua. Wewe ni mwanamke, ana imani na wewe. Nifanyie hilo moja tu, Subilaga, halafu sitakudai lolote maishani."

Ndiyo mara ya kwanza kuniita kwa jina langu. Nikasema haya. Nilijisikia nikiisema, na nilijua kabisa ilikuwa ipi.

Tulirudi. Nilipiga magoti mkekani karibu na Sekela. Alikuwa amechora nyumba na watu, na mbele ya nyumba moto mkubwa kuliko nyumba. Nilimshika bega dogo, lenye joto la kukaa karibu na skrini. Maneno niliyakuta yamepangika mdomoni, laini, tayari kutoka: limeharibika, mama, mafundi watakuja. Nilikuwa nakwenda kuyasema. Anyitike alikuwa amesimama mlangoni, ameshika waya, na mabega yake yalikuwa yameanza kutikisika bila sauti.

Wimbo ukakatika.

"Sekela, mwanangu," Tumpe alisema toka kwenye moto. "Mbona baba yako analia?"

Sekela aliinua kichwa. Alimtazama baba yake, akanitazama mimi. Kisha aliweka penseli chini, akainuka, akajikung'uta sketi. Alitembea mpaka kwenye skrini, akaweka kiganja pale penye kitenge, kama unavyompapasa mtu paji la uso ujue kama ana homa. Alisogeza mdomo karibu, na alisema kwa sauti, taratibu, kama mtu anayempa mwenzake habari ambayo wote wameogopa kumpa:

"Mama, wewe ulishakufa."